Wimbo wa Mvua Ambao Wakubwa Hawausikii

Kaeni vizuri, na mwenye mguu wa kuchezacheza auache ucheze, maana hii si habari ya kusikilizwa kwa kutulia. Ni habari ya zama ambazo mvua haikuwa ikijinyeshea tu kama leo, bila hata kupiga hodi. Zama hizo, katika nchi ya Japani, upande wa milimani, mvua ilikuwa mtu. Tena si mtu hivi hivi: alikuwa mtumishi wa serikali.

Aliitwa Bwana Mvua. Alitumwa na Baraza la Mbingu kuzunguka kijiji hadi kijiji, na alitembea kwa miguu, joho lake refu la kijivu likiburuzika nyuma yake juu ya vilima. Akifika kijijini alipokewa na jumbe, akaongozwa mpaka nyumba ya wageni, akaketishwa mkekani kwa kupiga magoti, miguu imekunjwa chini ya mapaja na mgongo umenyooka, kama wanavyoketi watu wa huko mbele ya wakubwa. Pale alipoketi, ndipo paliponyesha. Alipoondoka, jua lilitoka. Utaratibu ulikuwa mwepesi, na kama zilivyo taratibu zote nyepesi, ulikuwa unasubiri tu apatikane mtu wa kuuboresha.

Mtu huyo alikuwa Yasobei, jumbe mpya wa kijiji cha Amekubo.

Kabla yake, mgeni akitaka kwenda zake alisema, "Naomba ruhusa." Mwenyeji akasema, "Aa, mbona mapema? Kaa kidogo." Mgeni akasema, "Asante, nimeshakaa," na kila mtu akashika njia yake. Lakini Yasobei alikuwa ameishi mjini kwa mkuu wa wilaya, na huko alijifunza adabu za juu. Mjini, mgeni akiomba ruhusa, mwenyeji hujitupa kifudifudi, hugonga paji la uso mkekani, na hulia, "Ole wetu! Tumekukosea nini?" Na mgeni, ili isionekane kwamba anaondoka na kinyongo, hurudi kuketi. Kisha mgeni huomba tena, na mara hii mwenyeji hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ruhusa. Ila Yasobei alikuwa mtu wa haraka. Alirudi kijijini na nusu ya kwanza ya adabu hizo, akaiona inatosha.

Basi mwaka huo Bwana Mvua alipokuja, alinyesha kwa muda wake, mashamba yakashiba, akasema kwa upole, "Naomba ruhusa." Yasobei akaruka, akaanguka kifudifudi, akalia mpaka kuta za karatasi zikatetemeka: "Ole wetu! Tumekukosea nini?" Bwana Mvua akashtuka, akarudi kuketi. Kesho yake asubuhi akaomba tena. Yasobei akalia tena, zaidi ya jana. Na keshokutwa hivyo hivyo. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikawa hainyeshi tena bali inamwagika.

Katika kijiji hicho alikuwako mtoto wa kike aliyeitwa Kinu. Ukoo wao ulikuwa wa kutengeneza miavuli ya karatasi, ile yenye mbavu za mianzi na kupakwa mafuta isipenye maji. Mtu wa mbali angedhani mvua ndiyo neema ya fundi mwavuli. Sivyo. Mvua ikinyesha, gundi haikauki, karatasi inajikunja na mafuta hayashiki. Mvua ndiyo msimu ambao fundi mwavuli hana mwavuli wa kuuza. Kwa hiyo Kinu alishinda ndani na bibi yake, Bi Otaki, wakipangusa mbavu za mianzi zisiote ukungu, na baada ya kumaliza wakizipangusa upya, kwa kuwa ukungu nao haukuwa na kazi nyingine.

Kukaa ndani lilikuwa jambo moja. Kukaa kimya ndiyo ilikuwa adhabu. Sheria ilisema Bwana Mvua akiwapo kijijini watoto wasicheke, wasikimbie, wasivae mitalawanda, vile viatu vya mti vinavyogonga mawe ya njia ko, ko, ko. Watu hawakuidharau sheria hiyo, kwa maana walikuwa na sababu. Mwaka fulani, katika kijiji cha pili, mtu mmoja alipiga miayo mbele ya Bwana Mvua. Miayo tu, tena ya bahati mbaya. Bwana Mvua hakusema kitu. Ila mwaka uliofuata hakupita njia ile, na watu wa kijiji kile wakachimba mizizi ya magugu wakaila.

Kinu aliijua habari hiyo, akajaribu kutulia. Alikaa juu ya mikono yake ili isicheze, miguu ikacheza. Akaikalia miguu; kichwa kikaanza kuyumba. Aliinuka, akaketi, akapanda ngazi ya darini, akashuka, akapanda tena.

"We mtoto una siafu?" Bi Otaki alimnong'oneza.

"Sina, bibi."

"Basi mbona ngazi haipumziki?"

Alijua sababu, na Kinu alijua kwamba anajua. Kule darini kulikuwa na kidirisha, na kupitia kidirisha kile mtu aliuona mto, na ng'ambo ya mto aliona kichaka cha mianzi, na ndani ya kichaka kibanda cha wakata mianzi. Humo alikuwamo Sakuji, baba yake Kinu. Alikuwa amevuka kwenda kukata mianzi kabla mvua haijafika, akitaraji kurudi ikiisha. Daraja likachukuliwa na maji. Sasa habari pekee ya Sakuji ilikuwa moshi wake. Kila kukicha Kinu alipanda darini, akaukuta moshi umesimama juu ya mianzi, akashuka akaweza kula. Lakini moshi ulikuwa unakonda. Kila siku mto ulikuwa umesogea kukiendea kibanda, na kila siku moshi ulikuwa mwembamba kuliko jana, kwa maana kuni zilizolowa hazina mengi ya kusema.

Wazee walikutana. Bi Otaki alikwenda, akarudi na nguo zake zimelowa mpaka kiunoni.

"Wamesemaje, bibi?"

"Wamekubaliana wote kwamba mgeni aende."

"Basi anaenda?"

"Wamekubaliana wote vilevile kwamba haisemeki." Bibi alikamua nguo zake mlangoni. "Wameunda kamati. Itatafuta neno la kumwambia mtu aondoke ambalo likisikika litaonekana la kumwomba akae."

"Litapatikana lini?"

"Mjukuu wangu, wameanza kwa kubishana nani akae karibu na jiko."

Kamati, tusiikosee haki, ilifanya kazi. Iliamua kumtumia mgeni ujumbe wa shukrani, mzito na wa mafumbo, wa kumshukuru kwa yote *aliyokwisha* kuyafanya. Bwana Mvua aliusikiliza wote, akaguswa, na kama afanyavyo mtumishi aliyesifiwa, akaongeza bidii. Usiku ule mashamba ya chini yakawa ziwa.

Asubuhi Kinu alipanda darini, na moshi haukuwapo.

Alipangusa kidirisha kwa mkono. Akapangusa tena. Mto ulikuwa umeingia ndani ya kichaka, mianzi imesimama majini hadi kifuani, na juu yake hakukuwa na kitu, hata ukungu wa kujidanganyia. Alishuka ngazi. Hakumwambia bibi yake. Alimtazama tu, na Bi Otaki akaacha kitambaa chake, akageukia ukutani, akaanza kupangusa mbavu ambayo ilikuwa safi tangu juzi. Hakumwona mjukuu wake akitoka. Yaani hivyo ndivyo alivyosema baadaye.

Kinu alikwenda kwa miguu mitupu mpaka nyumba ya wageni, akazunguka nyuma. Milango ya huko ni ya karatasi, na karatasi ukiigusa kwa kidole kilicholowa hutoboka bila sauti. Hilo hakuna mtoto wa Japani asiyelijua, na hakuna mama wa Japani asiyelilalamikia. Alitoboa, akaweka jicho.

Alikuwa amejiandaa kumkuta mkubwa wa kutisha. Alimkuta mtu aliyechoka. Bwana Mvua alikuwa peke yake mkekani, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, uso umetulia kama ilivyo sharti. Lakini chini ya joho vidole vya miguu vilikuwa vinahangaika. Alielemea upande wa kushoto. Akaelemea wa kulia. Akajiinua kidogo juu ya viganja, akaumia, akashuka. Kinu alimtambua mara moja, kama mtu anavyomtambua ndugu yake sokoni.

"Miguu imekufa ganzi?" akauliza kwenye tundu.

Bwana Mvua aligeuka, akaliona jicho. "Nani anauliza?"

"Kinu."

"Wa cheo gani?"

"Sina cheo. Mimi mtoto wa Sakuji wa miavuli. Baba yuko ng'ambo na moshi wake umezimika. Tafadhali, mzee, nenda."

Bwana Mvua alifumba macho. Ilionekana wazi kwamba angependa kujibu, na ilionekana wazi zaidi kwamba kanuni hazimruhusu. "Asiye na cheo hawezi kumwambia mjumbe wa Baraza kitu," alisema. "Kwa hiyo hujaniambia kitu. Nami siwezi kukujibu, kwa hiyo sijakujibu. Ninapoomba ruhusa, mwenyeji wangu hulia. Akilia, nabaki. Siku asipolia, nitaondoka. Haya yote sijakwambia."

"Sijayasikia," Kinu alisema, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kujifunza.

Alirudi akikimbia, kichwa kikizunguka kuliko miguu. Kama maneno ya mtoto si maneno, aliwaza, basi yanakatazwaje? Na kama hayajasemwa, nani ataadhibiwa kwa kuyasema? Halafu likamjia jambo la pili, la kuogofya zaidi: je, akikasirika? Je, asipopita tena, na kijiji kizima kikachimba mizizi kwa sababu yake? Alisimama katikati ya njia, maji yakimpita vifundoni. Akatazama upande wa mto, pale pasipokuwa na moshi. Kisha akaenda kwao, akavaa mitalawanda.

Ko, ko, ko. Baada ya kimya kirefu vile, sauti ile ilikata njia kama shoka. Nyuso za watoto zikachungulia milangoni. Kinu hakuwaita, alipita tu akigonga mawe, na watoto waliokuwa wamekalia mikono yao siku zote zile hawakuhitaji kuitwa. Wakatoka mmoja mmoja, wakatoka wawili wawili, wenye mitalawanda ya kaka zao, wenye mguu mmoja umevaa na mmoja mtupu. Mama zao waliinua mikono kuwazuia, na mikono ikabaki hewani. Wakafika mbele ya nyumba ya wageni, wakasimama kwenye mawe ya uani, na Kinu akaimba kile kilichokuwa kinywani, na wenzake wakaitikia kwa sauti na kwa visigino:

*Mvua, Mvua — inuka!*
*Miguu ina ganzi — inuka!*
*Kuni za baba zimelowa — inuka!*
*Mlima unakuita — inuka!*

Ndani, Yasobei alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwa salamu za asubuhi.

"Nasikia sauti," alisema Bwana Mvua. "Je, kijiji kinaniambia kitu?"

Mfikirieni Yasobei. Akisema ndiyo, kijiji kimemfukuza mjumbe wa Baraza la Mbingu. Akisema hapana, ni lazima aeleze zile ni kelele gani. Akitoka kuwanyamazisha, amekiri kwamba amezisikia. Na kumdanganya mtumishi wa serikali lilikuwa kosa lenye adhabu yake. Ilimbakia njia moja tu, nayo ilikuwa kuufanya uongo uwe kweli kwa haraka.

"Sauti gani, Mheshimiwa?" alisema. "Mimi sisikii kitu." Na ili asisikie kweli, akajitupa kifudifudi, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akabana kwa nguvu zake zote.

Nje watoto walirudia tangu mwanzo. Bwana Mvua aliutazama mgongo wa mwenyeji wake uliokunjamana. Kisha, taratibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuishusha wala kuipandisha, alisema, "Naomba ruhusa."

Yasobei hakulia. Angelilia vipi? Hakuwa amesikia.

Bwana Mvua alingoja, kama adabu inavyotaka, muda wa pumzi ya mtu mmoja. Hakuna aliyepinga. Kimya cha mwenyeji ni ruhusa. Utaratibu ulikuwa umetimia hadi nukta ya mwisho. Akainuka.

Hapo ndipo watu wa Amekubo walipodhani wamekwisha. Kwa maana miguu iliyokunjwa siku zote hizo haikumbuki kazi yake: Bwana Mvua alipiga hatua moja akapepesuka, akashika nguzo, nguzo ikaja naye, na mbingu nzima ikaanguka kwa wakati mmoja. Maji yalishuka kama ukuta. Watoto waliangushwa chini, wakashikana mikono, na Kinu aliyejaa tope mdomoni alifikiri, nimemuudhi, nimewaua wote, nimemuua na baba. Lakini aliendelea kuimba, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya, na wenzake wakaendelea naye. Kupitia ukuta ule wa maji waliona kitu cha kijivu kikipita uani kikichechemea, kikisimama kujikanda shavu la mguu, kikichechemea tena, kikipanda kilima. Kilipofika juu kilinyoosha mgongo, na hata waliokuwa mbali walisikia mifupa ikinguruma kwa raha. Mngurumo ule ukavuka bonde, ukaisha. Kisha jua.

Mto haukushuka siku ile. Kinu alikaa ukingoni, na mara hii alikuwa ametulia kabisa, na utulivu wake ulimtisha Bi Otaki kuliko ngazi zote alizopanda. Maji yalipopungua, wanaume walifunga kamba, wakavuka. Kibanda hakikuwapo. Waliita. Walipokwisha kuanza kukwepana macho, juu ya vichwa vyao mianzi ikakohoa.

Sakuji alikuwa amekusanya mianzi mirefu iliyosimama, akaifunga vilele pamoja kama mbavu za mwavuli, akajiketisha humo juu kama ndege kiotani, na hapo alikaa tangu moto wake ulipozimwa na maji. Walimshusha. Hakuwa na sauti. Alipoletwa ng'ambo alimtazama mwanawe aliyekaukiwa na tope toka nywele hadi visigino, akauliza kwa mnong'ono, "Nani alimwambia aende?"

"Hakuna aliyemwambia," walijibu watu wote. "Hatukusikia kitu." Na Yasobei alilisema hilo kwa sauti kuu kuliko wote, maana yeye peke yake alikuwa na ushahidi.

Lakini hofu haikuondoka. Miche ya mpunga ilipotaka maji tena, walimwona Bwana Mvua amesimama kwenye ukingo wa mlima, kijivu, kimya, hashuki. Yasobei alitandika mkeka mpya. Akaenda kumpokea na wazee wote. Kadiri walivyoinama, ndivyo alivyorudi nyuma. Minong'ono ikaanza, na macho yakaanza kumgeukia Kinu. Usiku watu waliota ndoto za kuchimba mizizi.

Kinu aliyaona macho yale. Aliingia nyumba ya wageni, akaukunja ule mkeka, akautoa uani mbele ya watu wote mpaka ulipoweza kuonekana kutoka mlimani, akaukalia. Kisha akagonga visigino:

*Mvua, Mvua — shuka!*
*Mkeka tumeukunja — shuka!*
*Mpunga una kiu — shuka!*
*Hukai, unapita — shuka!*

Wazee wakaganda. Yasobei, aliyekuwa na uzoefu, aliziba masikio. Wengine wakamwiga. Na Bwana Mvua, alipoona hakuna mwenye kumlilia, alinyanyua joho lake akashuka mbio kilimani kama mtoto aliyefunguliwa mlango, akapita kati yao kwa kishindo, akawalowesha, akanywesha mashamba, akatokea upande wa pili bila kuketi popote.

Na tangu siku hiyo mvua ya nchi ile haipokelewi na mtu wala haipigi hodi. Inaimbiwa. Watoto ndio humwita na watoto ndio humruhusu, wakirudi kutoka shuleni kwa mistari yao, wakigonga madimbwi makusudi. Nanyi mkifika huko siku ya mvua, mkakutana njiani na watoto wanaoimba, mtazameni mtu mzima anayepishana nao. Awe karani, awe hakimu, awe mkuu wa wilaya mwenyewe: hatawakemea, wala hatawatazama. Atauinamisha mwavuli wake upande walipo, taratibu, mpaka umfunike sikio, na atapita hivyo hadi watakapomaliza. Mgeni akimwuliza watoto wale wanaimba nini, atamjibu kwa adabu kubwa kwamba yeye hakusikia kitu.